Kabla Hujafunga Tairi Pana: Historia Fupi ya Mpira, Kutoka Muheza Hadi Kwenye Vitz Yako

Leo naomba tukae kitako kidogo, maana mada yenyewe ina mzunguko. Ni habari ya matairi.

Kuna swali ambalo vijana wenzangu wa Tanga hawaachi kuniuliza tangu waliposikia kwamba nafuatilia habari za magari. Anakuja mtu na kigari chake kidogo chenye roho kubwa, tuseme Vitz RS, au Starlet ile yenye turbo wanayoiita Glanza, au Suzuki Swift Sport. Kaagiza Japani kwa jasho lake au kwa mkopo wa kazini. Kakata springi gari limelala chini, kabadilisha ekzosi sasa linanguruma kuanzia Raskazone hadi Mabanda ya Papa. Halafu anauliza: "Kaka, nifunge tairi gani ili hiki chombo kikamate barabara?"

Swali zuri sana. Ukilifikiria, ndilo swali la kwanza alilopaswa kuuliza, kabla ya ekzosi na kabla ya springi. Gari lako zima, injini, breki, usukani na roho yako wewe mwenyewe, linagusa dunia kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikubwa kama kiganja cha mtu mzima. Hakuna kingine kinachogusa lami. Breki hazisimamishi gari, jamani. Breki zinasimamisha magurudumu, na tairi ndilo linalosimamisha gari.

Jibu ninalo na nitalitoa kabla hatujaachana. Ila haliwezi kueleweka vizuri bila historia, na historia yenyewe haiko mbali. Imepita hapa hapa kwetu: Muheza, Amani, Pangani na Korogwe. Watu wa Tanga tunaambiwa kwetu ni kwa katani tu. Katani kweli, Richard Hindorf aliileta mwaka 1893. Lakini kulikuwa na zao jingine lililotikisa wilaya zetu, likawatajirisha watu wa Berlin na London, kisha likafa kwa mwaka mmoja au miwili. Zao hilo ni mpira.

Tuanze mwanzo kabisa. Mpira mbichi ni kitu kisicho na faida kubwa. Ukiwekwa juani unanata kama ubani uliotafunwa, ukipata baridi unakuwa mgumu na kupasuka. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua kwamba ukiuchanganya na salfa na kuupika kwa moto mkali, unabadilika tabia: unavutika, unarudi, hauyeyuki. Miaka sita baadaye, 1845, Mskoti Robert William Thomson akapata hataza ya gurudumu lenye upepo ndani yake, lakini dunia haikuwa na haja nalo, ilikuwa bado ya farasi na mikokoteni. Ikabidi lisubiri hadi 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alipolibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe. Safari hii dunia ilikuwa tayari. Baiskeli zikaenea, magari yakafuata, na kila mtu akataka mpira.

Hapo ndipo Afrika ikaingia kwenye hesabu, na haikuingia kwa heri. Jirani zetu wa Kongo wanajua. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo kama shamba lake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, aliwalazimisha watu kwenda porini kukusanya mpira, na waliopunguza mzigo waliadhibiwa kwa viboko, kwa kuchukuliwa wake zao mateka, kwa kukatwa mikono na kwa risasi. Nakumbusha hili si kwa kuwatia watu simanzi. Nataka tujue kwamba starehe ya kwanza ya tairi lenye upepo ililipiwa na nani.

Huku kwetu nako kulikuwa na mpira wa porini. Jamii moja ya mimea yake, Landolphia kirkii, imepewa jina la John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza kule Unguja. Watu waliukata huo mmea, wakakusanya utomvu, wakauzungusha ukawa madonge, na madonge yakasafirishwa hadi pwani na kuvuka hadi Unguja. Lakini Wajerumani hawakutaka kutegemea mmea wa porini. Walitaka mashamba.

Mwaka 1902 walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo pale Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki. Wengi tunaijua Amani kwa vipepeo na vinyonga wake, lakini wakati huo ilikuwa maabara kubwa ya ukoloni, ikijaribu mimea ya dunia nzima kuona upi utaleta fedha. Kwa upande wa mpira, walowezi wa ukanda wetu waliutegemea zaidi mti uitwao Manihot glaziovii, unaotoka Ceará, Brazil. Ukiutazama majani utacheka: ni ndugu yake muhogo. Unavumilia ukame, unakua haraka, na unaanza kugemwa baada ya miaka michache tu. Mashamba yakafunguliwa Muheza, Lewa na kwingineko kandokando ya reli ya Tanga, ile iliyoanza kujengwa 1893 na kufika Moshi 1911.

Mwaka 1910 bei ya mpira duniani ilipaa kuliko wakati wowote. Magari yalikuwa yanaongezeka Ulaya na Marekani na matairi hayatoshi. Makampuni ya Uingereza yakaja kununua mashamba ya Wajerumani huku Tanga kwa bei za wazimu. Vibarua wakaletwa kutoka mbali, Wanyamwezi na Wasukuma wengi, wakafungwa na mfumo wa kipande, kadi ya kuhesabu siku za kazi. Ukiona leo mji wa Muheza au Korogwe una watu wa makabila yote ya nchi hii, sehemu ya sababu ni hiyo, na katani ikamalizia kazi.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alikuwa amebeba mbegu za mti mwingine wa mpira, Hevea brasiliensis, kutoka Brazil hadi bustani ya Kew, London, na miche yake ikapelekwa Asia. Miaka zaidi ya thelathini baadaye mashamba ya Malaya na jirani zake yakaanza kumwaga mpira sokoni, mzuri zaidi na wa gharama ndogo zaidi. Huu wetu wa Ceará ulitoa utomvu kidogo, kuugema kulihitaji mikono mingi, na ubora wake ulikuwa chini. Kufika 1913 bei ilianguka na mashamba ya Tanga yakaanguka nayo. Miti ikaachwa, mingine ikang'olewa kupisha katani.

Sasa sikilizeni kisa kinachonifurahisha kuliko vyote. Vita vya Kwanza vilipoanza 1914, meli za Waingereza zikafunga bahari. Wajerumani wa hapa hawapati dawa, hawapati petroli, hawapati matairi. Ikabidi waishi kwa akili. Amani ikatengeneza kwinini. Na jemadari wao, Paul von Lettow-Vorbeck, yule aliyewashinda Waingereza hapa Tanga Novemba 1914, anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba mpira wa mashambani ulichanganywa na salfa na yakapatikana matairi ya magari na ya baiskeli yanayofaa kwa kazi. Kwa hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, katikati ya vita, nchi hii ilitengeneza matairi yake yenyewe kwa utomvu wa miti yake yenyewe. Hawakuwa na kiwanda cha maana, ila shida iliwakaba kooni.

Miti ile ya Ceará iliitwa kazini mara ya pili. Februari 1942 Japani iliiteka Singapore na Malaya yote ikawa imekwenda, na Waingereza wakajikuta hawana mpira. Wakakumbuka Tanganyika. Mashamba yaliyotelekezwa miaka thelathini yakafufuliwa, na watu wakaandikishwa kazi kwa lazima, wengine kwenye mpira, wengine kwenye katani. Vita vilipokwisha, miti ikasahauliwa tena. Mnaona mtindo? Mpira wetu unahitajika pale tu wengine wanapobanwa.

Baada ya Uhuru tukasema sasa tutafanya wenyewe. Mwaka 1964 Kenya, Uganda na Tanganyika zilikubaliana Kampala kugawana viwanda ili nchi zisigombee soko moja. Katika mgao huo, matairi yaliangukia upande wetu. Lakini makubaliano ya karatasi ni kitu kimoja na biashara ni kitu kingine. Kenya nayo ikajenga kiwanda cha Firestone mjini Nairobi, kampuni yake ikiundwa 1969. Sisi mwaka huo huo tukaunda General Tyre East Africa, na kiwanda chake cha Arusha kikaanza uzalishaji 1971. Ndugu wawili, soko moja, viwanda viwili vya kitu kile kile. Miaka sita mbele, 1977, Jumuiya yenyewe ikavunjika.

Hata hivyo General Tyre ilikuwa kitu. Wazee wetu madereva wa malori watakwambia. Serikali ilikuwa na hisa nyingi, mbia wa nje alikuwa kampuni ya General ya Marekani, ambayo ilinunuliwa na Continental ya Ujerumani mwaka 1987. Na ili kiwanda kipate malighafi, yakaanzishwa mashamba ya mpira, safari hii ya Hevea, ule mti wenyewe hasa: moja Kalunga kule Kilombero, na jingine Kihuhwi, hapa hapa wilayani Muheza. Yaani ile ndoto ya 1914 ilikuwa imekamilika: mpira unagemwa Muheza, unapandishwa Arusha, unarudi Tanga ukiwa tairi.

Ndoto ikakatika. Mitambo ilizeeka, madeni yakapanda, matairi ya bei nafuu kutoka nje yakajaa, na kufika 2009 kiwanda kilikuwa kimefungwa. Mashamba yakabaki chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Yamesemwa mengi kuhusu kukifufua. Msidhani jirani walipona: kile kiwanda cha Nairobi, kilichokuja kuitwa Sameer na kutoa matairi ya Yana, kilisimamisha uzalishaji 2016. Ugomvi wote ule wa kugombea soko, na mwisho wa siku soko likachukuliwa na mgeni.

Hapa naomba nilinganishe kidogo. Kule Kurume, Japani, kulikuwa na familia ya Ishibashi iliyoshona soksi za kienyeji za Kijapani. Shojiro Ishibashi akaona azibandike soli ya mpira ili wafanyakazi wavae mashambani na migodini. Vikauzika sana. Kutoka kwenye soli akaenda kwenye matairi, na 1931 akaanzisha kampuni aliyoipa jina kwa kupindua jina la ukoo wake, Ishibashi, lenye maana ya daraja la mawe. Ndiyo Bridgestone hiyo. Wao walianza na viatu wakaishia kwenye matairi. Sisi tulianza na matairi tukaishia kwenye viatu, maana General Tyre likiisha tulikata katambuga! Sisemi kwa dharau. Katambuga ni ubunifu, kama ilivyo mipira ya kufungia mzigo kwenye baiskeli na manati tulizopigia ndege utotoni kwa tubu zilizochoka. Mji wetu ni mji wa baiskeli, na tairi halijawahi kutupwa Tanga kabla halijafanya kazi tatu. Lakini kati ya kuanza na soli na kumalizia na soli, tofauti ni kubwa.

Haya. Sasa tunaweza kurudi kwenye Vitz yako, maana tumefika pale historia inapokugusa wewe.

Nchi isiyotengeneza tairi hupokea tairi la mwenzake, na mara nyingi hupokea alilomaliza kulitumia. Magari yetu mengi madogo ni mitumba ya Japani, na yanakuja na matairi yake. Japani ina majira ya baridi, na gari likitoka sehemu zenye theluji huweza kushuka bandarini likiwa na matairi ya theluji. Utayajua: ubavuni yameandikwa STUDLESS, au yana picha ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, na uso wake umechanjwa vijistari vingi vyembamba kama chale. Mpira wake ni laini makusudi ili usigande kwenye baridi kali. Sasa ulete mpira huo kwenye lami ya Kabuku saa nane mchana wa Februari. Unakuwa kama jojo. Gari linayumba kwenye kona, breki zinachelewa, na mpira unalika huku unaona. Mtu anashangaa, "mbona kigari changu cha mbio kinaelea?" Kinaelea kwa sababu kimevaa koti la baridi ufukweni.

Halafu kuna matairi ya mtumba yanayouzwa peke yake. Hapa nina kisa. Mwaka 2021 rafiki yangu mmoja alinunua rimu pana za inchi 16 pamoja na matairi yake, yote mtumba. Matairi yalikuwa yanang'aa, mifereji mirefu, jina kubwa la Kijapani, ya mbio kabisa. Akasafiri. Baada ya Hale, mwendo ukiwa umechanganya, tairi la nyuma kushoto likaachia. Gari likazunguka, likasimama kwenye majani likitazama lilikotoka. Mungu mkubwa, hakuna lori lililokuwa likija. Alipolivua lile tairi na kuniletea, tulisoma ubavuni: 3808. Maana yake wiki ya 38 ya mwaka 2008. Lilikuwa na umri wa miaka kumi na tatu. Mifereji ilikuwa mizima kwa sababu lilikuwa limekaa tu, lakini mpira huzeeka hata ukiwa umekaa. Hewa, joto na jua vinaukausha, unapoteza ule uvutikaji aliouhangaikia Goodyear, na nyuzi za ndani zinaanza kuachana.

Nyie mnasoma magazeti. Ni mara ngapi mmekutana na sentensi ya kamanda isemayo chanzo cha ajali ni kupasuka kwa tairi la mbele? Habari huishia hapo, kana kwamba tairi limeamua lenyewe. Tairi halipasuki bila historia. Lina mwaka wa kuzaliwa, lina mzigo liliobebeshwa, na lina upepo uliojazwa au uliosahauliwa.

Tufanye hesabu kidogo. Vitz RS ya kwanza huja na tairi la 185/55R15. Tafsiri yake: upana milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo, na rimu inchi 15. Ukikokotoa, tairi zima lina kipenyo cha karibu milimita 584. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa linazunguka mara 15 kila sekunde, na kutoka Segera hadi Tanga mjini, kilomita kama 70, linazunguka mara 38,000 hivi. Kila mzunguko ubavu unajikunja na kunyooka mara moja. Kujikunja huko ndiko kunakozalisha joto, na upepo ukiwa pungufu ubavu unajikunja zaidi. Unaelewa sasa kwa nini tairi zee lenye upepo mdogo, kwenye lami ya moto, na abiria watano, ni ajali inayosubiri saa yake?

Ile R iliyo kwenye 55R15 nayo ina historia. Zamani nyuzi za ndani ya tairi zilipita mshazari zikikatana, na ubavu na uso vikawa kitu kimoja: ubavu ukikunjwa, uso nao unajipinda. Mwaka 1946 Michelin wa Ufaransa walipata hataza ya tairi ambalo nyuzi zake zinakatiza moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, na juu yake kuna mikanda ya chuma chini ya uso. Likaingia sokoni 1949. Hilo ndilo radiali. Ubavu unacheza, uso unabaki bapa barabarani. Hatua hiyo ndiyo iliyowezesha baadaye matairi mapana yenye ubavu mfupi, na majina mnayoyapenda kama Potenza, ambalo Bridgestone walilitoa 1979.

Basi, jibu. Nifunge tairi gani?

Kwanza, tazama umri kabla ya jina. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zikiwa tarakimu tatu tu, tairi limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, usiligeuze hata kiatu. Tairi jipya la kampuni ya kawaida ni bora mara kumi kuliko tairi zee la kampuni kubwa. Mimi likipita miaka sita naanza kulitilia shaka, likifika kumi nalizika, hata kama mifereji inapendeza.

Pili, usipanue kwa sifa. Ukitaka kuhama kutoka 185/55R15 kwenda rimu ya inchi 16, 195/45R16 ina kipenyo karibu sawa kabisa, milimita 582. Kwa hiyo spidomita haitakudanganya. Lakini ubavu umepungua milimita 14, na ubavu ndio mto wako kwenye mashimo. Kama maisha yako ni Tanga–Segera na mara moja moja Horohoro, barabara iliyowekwa lami kwa fedha za msaada wa Marekani chini ya mkataba wa 2008, sawa. Kama una shamba ndani ya Pangani au unakatiza mitaa ya Ngamiani yenye mashimo, baki na inchi 15, na fedha inayobaki weka kwenye tairi zuri. Na hakikisha namba ya uzito haishuki chini ya ile iliyokuja na gari: 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, 84 ni kilo 500.

Tatu, herufi. H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240. Najua utasema, nani ataendesha 210 wakati askari wenye tochi wamejaa njia nzima? Hujaambiwa ukimbie. Herufi inakwambia tairi limejengwa kustahimili joto kiasi gani, na joto ndilo adui yetu mkuu hapa pwani. Kwa gari dogo la mbio, H inatosha, V ni nzuri zaidi.

Nne, ulaini. Matairi mengi yana neno TREADWEAR na namba. Mpira wa 200 au chini yake ni laini, unang'ang'ania kona kama mjusi ukutani, lakini unaisha haraka na mifereji yake mara nyingi ni michache. Wa 500 ni mgumu, unadumu, lakini ukikanyaga breki ghafla utakumbuka sala. Kila kiwanda kinajipimia chenyewe, kwa hiyo namba hizi zinafaa zaidi kulinganisha matairi ya kampuni moja. Kwa mtu anayekwenda kazini Jumatatu na kupanda Lushoto Jumamosi, mimi nasema 280 hadi 400. Na pembeni yake kuna herufi mbili, ya kwanza ya kushika barabara yenye maji na ya pili ya kustahimili joto. Zote ziwe A, ya maji ikiwa AA ni heri zaidi.

Tano, mvua. Masika ya kwetu si mchezo. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya vumbi na mafuta yaliyomwagika miezi mitatu, lami inakuwa sabuni. Kazi ya mifereji ni kukimbiza maji ili mpira uguse lami, ikibaki milimita 3 uwezo huo umeshapungua sana, ingawa nchi nyingi zinaruhusu hadi 1.6. Matairi vipara yanaweza kukamata vizuri kwenye lami kavu, na ndiyo maana yanawadanganya watu. Shuka Soni kwenda Mombo nayo siku ya ukungu, uone.

Sita, yawe manne ya aina moja. Ukiwa na fedha ya mawili tu, funga mapya nyuma. Watu hubisha hapa, maana haya magari yanavuta kwa mbele. Lakini tairi la mbele likiteleza gari linaenda moja kwa moja na unaweza kuachia mafuta likarudi. La nyuma likiteleza, mkia unakupita, na kumrudisha mkia aliyekupita kunahitaji kipaji ambacho wengi wetu tunadhani tunacho.

Na mwisho, pima upepo tairi likiwa la baridi, angalau kila wiki mbili. Hewa yetu ya chumvi inakula rimu taratibu pale zinapokutana na tairi, na upepo unavuja bila pancha yoyote. Kipimo cha mkononi ni bei ndogo kuliko hiyo ekzosi.

Nimesikia watu wakisema vijana wa sasa wanapenda mbio kwa sababu hawana kazi za maana. Hapana. Kupenda chombo kinachokamata kona si kosa, wazee wetu walisimama kandokando ya barabara kuanzia 1953 kushangilia Safari Rally ilipokuwa inakatiza hadi Tanganyika. Joginder Singh alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, na hakuwahi kushinda kwa tairi zee.

Ukipita Muheza siku moja, kata kushoto au kulia uulize Kihuhwi iko wapi, uitazame miti ya mpira. Ina makovu ya mshazari shinani, alama za kisu cha mgemaji. Kikombe kimoja cha utomvu ule mweupe, salfa kidogo na moto, ndicho kitu pekee kati yako na lami. Usikinunue kwa kutazama mng'ao.

Nawasilisha.